Kwa nini tope la Mlima Hanang lilibeba mawe makubwa

Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilinyesha na tope likashuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Serikali ilieleza kuwa halikuwa volkano wala tetemeko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikaelemewa, ikameguka. Lakini tope linabebaje jiwe ambalo watu kumi hawalisogezi?

Tuanze na chupa. Tia maji na udongo wa shambani, tikisa, kisha iache. Mchanga unatua upesi, ila maji ya juu hubaki na rangi ya chai hadi kesho yake. Mwaka 1851 mwanahisabati George Stokes alitoa kanuni ya jambo hilo: punje ndogo ikiwa na upana wa nusu ya mwenzake, hutua kwa kasi ya robo tu. Kwa hesabu hiyo, mchanga laini wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hushuka mita moja kwa dakika mbili hivi. Punje ya mfinyanzi, iliyo ndogo mara hamsini, huchukua kama siku tatu.

Hayo ni maji yaliyotulia. Korongoni maji hujizungusha, hupanda na kushuka ovyo, na punje iliyokuwa ikitua hurushwa juu tena. Hakuna kompyuta inayoweza kufuatilia kila punje, basi wataalamu hufuata chache kama sampuli, au hukokotoa wastani wa udongo katika kila kipande cha mto.

Udongo ukizidi sana, maji huwa uji mzito, na hapo mambo hubadilika. Jiwe la kilo 265 likizama kwenye maji matupu hubaki na uzito wa kama kilo 165. Kwenye tope lenye uzito maradufu ya maji, hubaki kilo 65 tu. Ongeza kasi ya mteremko, na jiwe linasafiri.

Kompyuta ikipewa ramani ya mteremko na kiasi cha tope, huonyesha litapita wapi na litasimama wapi, mara nyingi pale mlima unapoanza kuwa tambarare. Bahati mbaya, ndipo sisi tunapopenda kujenga. Na hesabu hiyo husaidiwa na vipimo vya mvua vilivyochukuliwa mlimani kwenyewe.

Ukiona mawe makubwa ya zamani yamelala kwenye mdomo wa korongo, huenda tope lilishapita hapo. Mvua ikiwa kubwa halafu mto ukapungua ghafla, ukawa mzito, au ukasikia muungurumo kutoka juu, usikimbie kufuata korongo kuteremka. Toka pembeni, panda mahali palipoinuka, na uwaite majirani.