Nyanya Tulizozizoea na Nyanya Mpya



Mwaka mmoja nilimtia mama yangu hasara ambayo hakunisamehe upesi. Nalikwenda likizo nyumbani, huko milimani Usambara, kutoka chuo cha ualimu ninakofundisha, na mfukoni nilikuwa na pakiti ndogo ya mbegu mpya za nyanya. Nikamshawishi mama ang'oe nyanya zake zote. Zake zilikuwa ndogo, zenye mifereji pembeni kama boga, kali kidogo ulimini, na ngozi yake nyembamba ilipasuka kwa manyunyu tu. Nikamwambia, hizi za pakiti zitazaa matunda makubwa, mekundu, yaliyo sawasawa.

Nazo zilizaa kweli. Mama akachuma, akapika, akauza hata kwa majirani. Kisha akafanya kama afanyavyo siku zote: akachagua tunda lililo bora kuliko yote, akalikamua mbegu, akaziweka kwa msimu wa pili. Msimu huo yakatoka mambo mengine kabisa. Mche huu ulizaa vitunda kama gololi, ule matunda marefu yaliyooza kitako, na mwingine ukanyauka kabla ya kutoa ua. Mbegu zake za zamani hakuwa nazo tena. Mwaka ule nyumba yetu ilinunua nyanya sokoni, jambo ambalo mama hakupata kulifanya tangu aolewe.

Kosa halikuwa la mbegu. Lilikuwa langu mimi mwalimu, niliyesoma herufi F1 juu ya pakiti nisimweleze mama maana yake.

Maana yake ni hii. Mtaalamu huchukua koo mbili za nyanya zilizo mbalimbali, kila moja imetulia katika tabia zake, akatia unga wa ua la ukoo mmoja, yaani chavua, katika ua la ukoo wa pili. Mbegu itokayo ndiyo F1, kizazi cha kwanza cha ndoa hiyo. Watoto hao hufanana wote, na mara nyingi huwa na nguvu kuliko wazazi wao. Lakini wajukuu hutawanyika. Jambo hili lilichunguzwa na mtawa mmoja wa mji wa Brno, jina lake Gregor Mendel, aliyechapisha habari zake mwaka 1866. Alioanisha njegere ndefu na njegere fupi. Watoto wote wakawa warefu. Alipopanda mbegu za watoto, akapata kiasi cha warefu watatu kwa mfupi mmoja: ufupi ulikuwa umejificha tu, haukupotea. Basi ikiwa tabia moja hutengana hivyo, fikirini nyanya yenye tabia nyingi zilizochanganywa! Kwa hiyo apandaye F1 hana budi kununua mbegu kila msimu, na bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya mbegu za kawaida. Mtu akijua hivyo mapema, akafanya hesabu yake, hana la kulalamika.

Nyanya za kawaida si hivyo. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, maana sehemu zake za kiume zimeuzunguka ule ujiti wa kike kama mwavuli uliofungwa, na chavua ya ua jingine hupata nafasi kwa nadra. Ndiyo sababu tunda la Moneymaker lililokamuliwa mbegu leo litazaa Moneymaker mwakani.

Hiyo Moneymaker wengi wenu mwaifahamu. Ni nyanya ya Waingereza, waliyoipanda katika nyumba za kioo, nayo imezoeleka sana katika bustani zetu. Mche wake haukomi kurefuka. Wataka mti wa kuegemea, na yale machipukizi yatokayo kwapani mwa majani yapasa kuvunjwa kila juma. Tunda lake ni la duara na zuri kwa kula bichi, walakini halivumilii safari. Marglobe ni ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1925 na idara ya kilimo ya nchi ile wakati mnyauko wa fusari ulipokuwa ukiwamalizia wakulima mashamba. Roma ina tunda la umbo la yai, lenye nyama nyingi na maji machache, nayo hupendwa na wapishi kwa kuwa mchuzi wake huwa mzito upesi. Mche wa Roma ni mfupi, hukoma kukua wenyewe, na matunda yake huiva karibu pamoja. Mwenye kuuza hufurahi kwa tabia hiyo. Mwenye kupika nyumbani atafurahi majuma matatu, kisha atakaa bila nyanya, afadhali basi awe na miche michache mirefu pia.

Katika zilizozaliwa hapa kwetu ziko mbili ambazo nawasifia bila kusitasita: Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tanzania mwaka 1997. Ngozi zake ni ngumu, hukaa siku nyingi baada ya kuchumwa bila kulainika. Tena Tengeru 97 hustahimili minyoo fundo, wale wadudu wasioonekana kwa macho ambao huifanya mizizi iwe na vinundu kama shanga. Aliye na udongo wa kichanga na ang'oe mche mmoja uliodumaa atazame mizizi yake. Akiona vinundu, sababu ya kubadili mbegu anayo mkononi.

Herufi nyingine za pakiti nazo zina maana. Roma VF, kwa mfano: V ni mnyauko wa vetisilia, F ni wa fusari, herufi N ikiwapo ni minyoo fundo. Herufi hizo zasema mche huvumilia adui huyo, wala hazisemi lolote juu ya maadui wengine. Uko mnyauko wa bakteria, ambao mche huanguka ghafula ungali na majani mabichi. Kateni kipande cha shina karibu na ardhi, mkitumbukize katika bilauri ya maji safi. Ukishuka uzi mweupe kama maziwa, ni bakteria. Hapo msitafute herufi. Hamisheni bustani, na pale msipande kwa miaka kadhaa nyanya, wala biringanya, wala pilipili, wala nyanya chungu, wala viazi ulaya, maana hao wote ni ndugu. Na yule mdudu ambaye wakulima wetu walimpa jina la kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, hutoboa majani na matunda ya aina zote hizi nilizozitaja. Huyo huzuiwa kwa kuchuma na kuteketeza majani na matunda yaliyoharibika, tena upesi.

Sasa mahali. Jirani yangu wa pwani aliniuliza kwa nini Moneymaker yake ina maua mengi na matunda hayaonekani. Usiku ukiwa na joto lizidilo kiasi cha digrii 24, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Nilimshauri apande miezi ya baridi, na ajaribu zile nyanya ndogo ndogo, ambazo kwa kawaida hushika matunda hata kwenye joto. Kwetu milimani shida ni kinyume chake: ukungu na mvua ndefu huleta baka jani, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Wakati wa masika mche wenye majani machache, uliofungwa mtini na kuachiwa upepo upite, hupona kuliko kichaka kilicholala chini, hata kichaka hicho kiwe cha mbegu ya thamani.

Basi mpangeje? Mimi hugawa bustani mafungu manne. Matatu ni ya aina niijuayo, na moja la aina mpya, zote zikapandwa siku moja, mbolea moja, maji mamoja. Bila hivyo mtu huisifu mbegu kwa kazi ya mvua. Nami huandika kijitini tarehe ya kupanda, ya tunda la kwanza, na idadi ya miche iliyokufa. Gramu moja ina mbegu kama 300, nayo yatosha kugawana nyumba nne au tano. Tazameni pia tarehe na lebo ya uthibitisho kabla ya kulipa, kwa kuwa wauzao mbegu za hila hawajaisha duniani.

Mbegu za nyumbani chukueni katika mche ulio mzima wote, si katika tunda zuri la mche mgonjwa. Kamueni pamoja na ule ute, mziache ndani ya kikombe siku mbili au tatu mpaka zichachuke. Ute huwa umeachana nazo. Oshe, anikeni kivulini juu ya sahani, si juani. Zikikauka vema, zitieni katika chupa yenye kifuniko na jina: zaweza kuota hata baada ya miaka minne. Mvutaji wa tumbako na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana vidole vyake huweza kubeba ugonjwa wa batobato.

Mbegu za mama zilipatikana tena. Shangazi yangu wa kijiji cha pili alikuwa ameziomba zamani, akazikausha juu ya kipande cha gazeti, akakisahau darini. Tulipanda 30, zikaota 11. Siku hizi mama hunipa tuta moja tu kwa pakiti zangu, lile la mwisho karibu na ua wa kuku, nami hupanda hapo bila kusema neno.