Kuku Wako Angelipa Bei Gani kwa Matandiko?

Mama mmoja wa Mukuru kwa Njenga alimleta mwanawe kliniki akikohoa kila usiku, kifua kikilia kama filimbi. Nikauliza kuhusu jiko la makaa, nikauliza kama kuna mvuta sigara nyumbani. Kumbe nyuma ya pazia, chini ya mabati hayo hayo, walilala kuku kumi wa mayai juu ya vumbi la mbao kutoka kwa seremala jirani.

"Lakini daktari, wanalipenda sana," akanijibu.

Msomaji, tutajuaje kuku anapenda nini? Wataalamu wenyewe wamewahi kukosea. Mwaka 1965 kamati ya Brambell nchini Uingereza ilipinga sakafu za nyavu nyembamba katika vizimba. Mwaka 1973 Hughes na Black waliwaachia kuku wachague, nao wakachagua nyavu zile zile.

Hata hivyo, kuchagua peke yake hakutoshi. Unga ukipanda bei utanunua tu, lakini soda utaiacha dukani. Mwaka 1983 Marian Dawkins wa Chuo Kikuu cha Oxford alitumia hesabu hiyo ya bei kwa kuku. Katika majaribio yake, kuku waliingia kizimba kidogo chenye matandiko wakaacha kikubwa chenye nyavu. Watafiti wengine huweka mlango ambao kuku lazima ausukume, wakiuongezea uzito kidogo kidogo mpaka ashindwe au aache. Uzito wa mwisho aliousukuma ndio bei yake.

Kwa kujigaragaza, kuku wengi hupenda mchanga kuliko maranda, kwa sababu chembe ndogo hupenya manyoya hadi kwenye ngozi na kuondoa mafuta yaliyochakaa. Kuku wa yule mama hawakuwahi kuonyeshwa kitu kingine.

Mimi ni daktari wa watu, kwa hiyo naanza na kifua. Vumbi la mbao ni jepesi, kuku akichakura linapaa. Likilowa huota kuvu, na kinyesi chenye unyevu hutoa amonia inayochoma macho na koo. Usiitegemee pua yako, maana imeshazoea. Mwite mgeni ainame hadi kimo cha kuku, umtazame uso.

Kwanza, kuku watoke chumba cha kulala. Kisha jaza karai mchanga mkavu, uliweke kando ya matandiko ya kawaida, utazame kwa wiki moja, hasa adhuhuri, saa zao za kujigaragaza. Ondoa kinyesi mara kwa mara, funika pua unapofagia, nawa mikono kwa sabuni. Mtoto anayepumua kwa shida apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kikohozi cha wiki mbili nacho kipimwe, kwani si kila kikohozi ni cha kuku.

Yule mama amewahamishia kuku ubavuni mwa nyumba, na karai la mchanga analijaza upya kila mara. Mtoto bado anatumia dawa ya kuvuta. Nitamwona tena Alhamisi.