Kompyuta moja, familia nzima: Jasusi anaingilia wapi?

Katika nyumba nyingi za mijini kompyuta ni moja tu, na haina mwenyewe. Asubuhi mama anamalizia ripoti ya ofisi, mchana mtoto wa sekondari anatafuta mitihani ya miaka iliyopita, jioni baba anaangalia salio la benki, na usiku mdogo wao anacheza gemu. Wote wanatumia akaunti ileile, isiyo na neno la siri, au yenye neno la siri ambalo hata mgeni wa wiki mbili analijua.

Hapo ndipo programu za kijasusi zinapopata nafasi. Programu ya kijasusi hujificha ndani ya kompyuta na kutuma nje yale inayoyaona: herufi zinazobonyezwa, maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, picha, na wakati mwingine hata kinachoonekana kwenye kamera. Anayo ndugu asiyetisha sana lakini msumbufu, yaani programu ambayo hakuna aliyeiomba. Huyu hubadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari, humwaga matangazo na kuifanya mashine iwe nzito kama imebeba gunia. Mara nyingi wawili hawa huja pamoja.

Wazazi wengi hufikiria mdukuzi hodari aliyekaa gizani akiichagua nyumba yao. Mara nyingi haiko hivyo. Mlango hufunguliwa kutoka ndani, na mtu wa nyumbani, tena kwa nia njema kabisa.

Tamaa ya cha bure

Mtoto anataka gemu linalouzwa kwa dola. Hana dola, wala mzazi hana mpango wa kumpa. Anatafuta toleo lililovunjwa leseni, anafika kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya kupakua, vinne kati yake vya uongo. Anabofya, faili linashuka, na ndani yake kuna maelekezo: zima kwanza programu ya kuzuia virusi, kisha endelea. Anazima. Anabonyeza 'next, next' hadi mwisho. Gemu huenda likafanya kazi vizuri tu, na ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Mei 2025 Microsoft ilitangaza kuwa, ikishirikiana na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa, imevuruga mtandao wa programu moja ya wizi iitwayo Lumma. Kati ya Machi 16 na Mei 16 mwaka huo, miezi miwili tu, kampuni hiyo ilihesabu zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows duniani zilizoambukizwa. Programu za aina hii hazihitaji kukaa muda mrefu. Zinaingia, zinazoa maneno ya siri yaliyohifadhiwa, pamoja na vile vitambulisho vidogo vinavyomfanya mtu asiulizwe neno la siri kila anapofungua barua pepe yake, kisha zinatuma. Anayenunua mzigo huo anaweza kuingia kwenye akaunti bila hata kuulizwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Ni kama shinikizo la damu: mwenye nalo anaweza kujiona mzima kabisa.

Njia mojawapo iliyotumika kuisambaza Lumma inafaa kila mtoto aijue. Ukurasa wa uongo unamtaka mtu athibitishe kwamba yeye si roboti, jambo ambalo kurasa halali hulifanya pia. Tofauti ni kwamba huu unamwambia abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kwa hatua hizo tatu mtu anakuwa ameiamuru kompyuta yake mwenyewe imkaribishe mwizi. Ukurasa unaoagiza vitufe vya namna hiyo ufungwe hapohapo.

Watoto wasibebeshwe lawama peke yao. Watu wazima nao wana mlango wao, na kwa kawaida unapitia kwa fundi. Kompyuta ikianza kusumbua inapelekwa 'kupigwa Windows', na bei ikiwa ndogo, leseni huvunjwa kwa programu kama KMSPico, ambayo nayo hudai ulinzi uzimwe kwanza. Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza kuwa kulikuwa na faili za KMSPico zilizofungashwa pamoja na programu ya kuiba maneno ya siri iitwayo Cryptbot. Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akawa anagawa ugonjwa kutoka kwenye flashi yake kila siku bila kujua.

Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi uvunjaji huo hauna hata sababu. Kompyuta mpakato nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya mashine yenyewe. Fundi akiweka toleo la aina ileile lililopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft, leseni inajitambua ikipata intaneti. Mzazi anayepeleka mashine kwa fundi ana haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kuiacha mezani.

Flashi ya steshenari

Kuna nyumba ambayo haijawahi kukutana na flashi iliyorudi kutoka steshenari mafaili yote yamegeuka kuwa vijialama vyenye mshale? Huyo ni mdudu wa siku nyingi. Anayaficha mafaili halisi na kuweka ya bandia mahali pake, na mtoto anapobofya akidhani anafungua kazi yake ya jiografia, anakuwa amemwamsha mdudu kwenye kompyuta ya nyumbani. Habari njema ni kwamba mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu, hivyo hakuna sababu ya kukimbilia kuifuta flashi nzima.

Wapo wanaodhani balaa la flashi limepitwa na wakati. Mwaka 2023 watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama wa mtandao iliyo chini ya Google, waliandika kuhusu programu za kijasusi zinazosambazwa kwa flashi, na wakataja maduka ya kuchapisha na hoteli kuwa sehemu zinazoweza kuwa vituo vya maambukizi. Kwa familia inayochapisha kazi za shule kila wiki, njia rahisi ni kumtumia mwenye duka faili kwa WhatsApp kutoka kwenye simu na kuiacha flashi nyumbani. Kufungua barua pepe binafsi kwenye kompyuta ya dukani ni kosa jingine, kwa kuwa wengi huondoka bila kuifunga.

Kamera ya chumbani

Mwaka 2013 Mmarekani Cassidy Wolf, aliyetwaa taji la Miss Teen USA mwaka huohuo, alipokea barua pepe kutoka kwa mtu asiyemjua ikiwa na picha zake akiwa chumbani kwake. Zilikuwa zimepigwa na kamera ya kompyuta yake mwenyewe. Mtumaji alimtishia kuwa asipotuma nyingine, hizo zitasambazwa. Hakutii. Alitoa taarifa, FBI ikaingia kazini, na aliyekamatwa alikuwa kijana wa miaka 19 aliyewahi kusoma naye shule moja. Machi 2014 alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Hakuwa mtaalamu wa kutisha. Alitumia programu iitwayo Blackshades, ambayo iliuzwa mtandaoni kwa bei ya kuanzia dola 40 hivi. Mei 2014, polisi wa nchi mbalimbali walipowakamata watu zaidi ya 90 katika msako wa pamoja, FBI ilisema programu hiyo ilikuwa imeambukiza zaidi ya kompyuta nusu milioni katika nchi zaidi ya 100.

Kipande cha karatasi ya gundi juu ya kamera hakigharimu chochote, na kompyuta inaweza kukaa sebuleni badala ya chumbani kwa binti au kijana. Lakini linalookoa zaidi ni mtoto kujua kwamba anaweza kusema. Mtoto aliyepokea vitisho vya namna hiyo na anajua kitakachofuata nyumbani ni fimbo na kunyang'anywa simu, atatafuta namna ya kumridhisha mdukuzi kimyakimya, na mdukuzi haridhiki. Mzazi amwambie mapema, siku ambayo hakuna tatizo lolote, kwamba akitishiwa asitume picha wala pesa, asifute ujumbe, na aje nao kama ulivyo ili upelekwe polisi.

Wapo wazazi wanaoamua kuweka wenyewe programu ya kumfuatilia mtoto kwa siri, na wenzi wanaofuatiliana kwa njia hiyohiyo. Ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kampuni ya Kimarekani ya pcTattletale iliuza programu ya kupiga picha za kioo cha kompyuta ya mtu bila yeye kujua. Mei 2024 ilidukuliwa, na muda mfupi baadaye ikafunga shughuli zake. Anayeweka jicho la siri nyumbani kwake hajui nani mwingine analitumia jicho hilo. Kwa wenzi kuna jingine la kuangalia: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa. Kwa mtoto, udhibiti wa wazi anaoujua, kama Microsoft Family Safety yenye kupanga saa za matumizi na kuzuia tovuti, unatosha na hauvunji uaminifu.

Akaunti ya kila mtu

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote haihitaji kununua kitu. Kompyuta iwe na akaunti moja ya msimamizi, yenye neno la siri linalojulikana kwa mzazi pekee, na kila mwanafamilia awe na akaunti yake ya kawaida. Kwenye Windows inaitwa 'Standard User', na inapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Mtoto ataandika, ataangalia filamu, atacheza. Lakini programu inayotaka kubadilisha mfumo wa kompyuta italeta ombi la neno la siri la msimamizi, na hapo ndipo mzazi anapoitwa kutazama kinachotaka kuingia. Si kinga kamili, kwa kuwa programu nyingine hujipenyeza ndani ya akaunti ya mtoto bila kuomba ruhusa. Hata hivyo itakachokikuta huko ni vitu vya mtoto, wakati benki na barua pepe za kazi ziko kwenye akaunti nyingine. Mzazi mwenyewe naye afanyie kazi zake za kila siku kwenye akaunti ya kawaida. Wengi hujisahau hapo.

Kuhusu programu ya kuzuia virusi, Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender bila malipo, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha iwapo haijazimwa. Ndani yake kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa, ambayo inafaa kukaguliwa kama imewashwa. Kurundika programu mbili tatu za kuzuia virusi huifanya mashine iwe nzito tu.

Masasisho nayo huahirishwa kwa sababu ya bando, jambo linaloeleweka, lakini ndiyo chanjo yenyewe. Hapa kuna tatizo kwa familia zenye kompyuta za mtumba: Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Wanaojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanapata ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 kwa kawaida inahitaji mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha karibuni zaidi, au inayolingana nayo. Anayenunua mashine iliyotumika aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza ukubwa wa diski.

Yale matangazo yanayojitokeza pembeni ya kioo yakipiga kelele kwamba 'kompyuta yako ina virusi 13' mara nyingi si virusi. Kuna siku mtu aliruhusu tovuti fulani itume arifa. Kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, tovuti hiyo inaondolewa na kelele zinakwisha. Kupiga namba ya simu iliyo kwenye tangazo hilo, au kulipia programu inayouza, ndiko kunakoleta hasara.

Ikiwa imeshaingia

Kompyuta ikishukiwa, cha kwanza ni kuitenga na intaneti. Maneno ya siri ya barua pepe, benki na mitandao ya kijamii yabadilishwe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, kamwe si ileile, na kwenye kila akaunti itumike sehemu ya kuondoka kwenye vifaa vyote. Barua pepe ianze, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote. Benki ijulishwe hata kama hakuna senti iliyopotea.

Defender ina ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, unaochukua kama dakika 15, na huwaona wadudu wanaojificha mfumo ukiwa unafanya kazi. Ukikuta programu ya kuiba maneno ya siri, usalama zaidi ni kuhifadhi picha na nyaraka kwenye diski ya nje, bila programu wala magemu yaliyopakuliwa, kisha kupiga Windows upya. Mtoto aliyepakua gemu hilo akae pembeni wakati kazi inafanyika, aonyeshe alilitoa wapi na alibofya nini, kwa kuwa ndiye pekee ndani ya nyumba anayejua kama kuna jingine.