Mtoto akiharisha, usimnyime titi wala maji

Mama, mwanao ana miezi 8. Tangu asubuhi amechafua nguo mara nne, na choo ni maji matupu. Jirani anasema ni meno. Shangazi anasema usimnyonyeshe, acha tumbo lipumzike. Wote wanampenda mtoto, lakini ukiwafuata, jioni atakuwa amelegea.

Kinachoua mtoto anayeharisha ni maji na chumvi zinazotoka mwilini bila kurudishwa. Kwa hiyo anza kurudisha tangu choo cha kwanza, kabla hata hujafika kituo cha afya. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, usiku na mchana. Maziwa ya mama hayachachi ndani ya titi, hata kama umeshinda juani kwenye foleni ya mgao.

Pamoja na titi, mpe maji ya ORS. Pakiti moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Hapa ndipo wengi hukosea. Kuna anayemimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja ili dawa iwe kali, na kuna anayeigawa nusu nusu kwa kukisia macho. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, ikipungua haimsaidii. Kama huna kipimo cha lita, chukua chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, ioshe vizuri, ijaze mara mbili. Onja kabla ya kumpa: isizidi chumvi ya machozi. Itakayobaki baada ya saa 24 imwage, hata kama roho inakuuma.

Aliye chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo cha maji. Aliyezidi hapo, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Tumia kijiko, polepole. Akitapika ngoja dakika 10, halafu endelea. Baba, usiku ukiwa mrefu, kijiko ukishike wewe, mama alale kidogo.

Ukipewa vidonge vya zinki, mpe kwa kipimo ulichoandikiwa na uvimalize vyote, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Dawa nyingine za kufunga tumbo usimnunulie.

Sasa tuseme wazi juu ya meno ya plastiki. Huku Kigoma, kama ilivyo kwetu ng'ambo ya ziwa, wapo wanaochimbua fizi za mtoto anayeharisha na kutoa vile vidude vyeupe, wakisema ndivyo vinavyomwua. Vile ni meno yake halisi, bado machanga. Akichimbuliwa hupoteza damu, jeraha huingia uchafu, na kinywa kinamwuma hata hawezi kunyonya, saa ile ile anapohitaji kunyonya zaidi. Kukata kimio ni vivyo hivyo. Usikubali, hata aliyekuja ni mtu mzima wa kuheshimiwa.

Aliyetimiza miezi 6 aendelee kula: uji mzito wenye mafuta kidogo, maharage yaliyopondwa, ndizi mbivu. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Choo cha mtoto kitupe chooni, si nyuma ya nyumba. Nacho kina vijidudu, ingawa wengi hukiona hakina neno. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Usingoje kupambazuke ukiona macho yamezama, analala na haamki vizuri, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au choo kina damu. Finya ngozi ya tumbo: ikirudi polepole, amepungukiwa maji. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Chukua kadi yake ya kliniki, na ile chupa ya ORS pia, ili umnyweshe kwa kijiko mkiwa njiani, maadamu anaweza kumeza.