Kichwa cha bomba la grisi: kipande kidogo, hasara kubwa

Kati ya Kilosa na Mikumi trekta ni biashara kabla ya kuwa chombo cha shamba. Wakulima wengi wa kata ya Ulaya na vijiji jirani hawana trekta lao. Hukodi, hulipa kwa ekari, na wote hulitaka kwa wakati mmoja, mvua zinapoanza. Mwenye trekta akikaa na daftari huandika dizeli, posho ya dereva, matairi na oili. Grisi huiandika kwa kukumbushwa, na kile kichwa kilicho mwisho wa bomba la grisi, chuma kisichofika urefu wa kidole kinachoshika chuchu ya grisi, hakiandiki kabisa. Nadhani amekosea anapokiacha nje ya hesabu, kwa sababu ndicho kinachoamua kama grisi aliyoilipia itafika kwenye beringi au itaishia kwenye kitambaa cha fundi.

Soko la kifaa hiki si dogo. Upande wa kusini kuna miwa: Kilombero Sugar, kampuni iliyobinafsishwa mwaka 1998, ina kiwanda cha Ruembe upande huu wa mto Ruaha Mkuu, na kazi ya kuvuta miwa ina maana ya matrekta na matela yanayotembea kutwa kwenye vumbi. Kimamba kuna mkonge wa tangu enzi za Wajerumani. Ujenzi wa reli ya SGR kutoka Morogoro kwenda Makutupora ulipitia Kilosa na kuleta ekskaveta na magreda. Mashine zote hizo zina pini na bushi zinazodai grisi. Tofauti ni kwamba kampuni kubwa ina karakana na stoo, wakati mwenye trekta moja anategemea duka la spea. Huko dukani bomba mara nyingi huuzwa likiwa zima, limefungwa kichwa chake, na kichwa peke yake si kitu unachokikuta kila rafu. Kwa hiyo grisi ikianza kuvuja mteja hununua bomba jipya, lenye kichwa cha ubora uleule, na bomba la zamani linatupwa lingali zima.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua tatizo liko wapi, na kulijua hakuhitaji mashine. Ndani ya kichwa kuna taya tatu au nne za chuma zinazokumbatia chuchu, nyuma yake kuna sili, na katika vichwa vingi kuna gololi na springi ya kuzuia grisi isirudi. Kitoe kichwa kwenye chuchu, kisha bonyeza mpini. Isipotoka grisi, usikilaumu kichwa kwanza. Mara nyingi bomba limeingiwa na hewa, na hewa hiyo itolewe. Ikitoka vizuri, kipachike kwenye chuchu mpya iliyofutwa. Ikivuja hata hapo, taya zimelegea au sili imekwisha. Kama ni kichwa cha kurekebishika, zungusha ganda lake kidogo ili taya zikaze, ujaribu tena kabla ya kukilaani. Kikishika kwenye chuchu mpya lakini grisi ikavuja kwenye ya zamani, chuchu ndiyo imeliwa, na kuibadilisha ni kazi ya spana na dakika chache. Hali ya nne ndiyo huwadanganya wengi: mpini unakuwa mgumu, grisi haiingii, halafu inapenya pembeni ya kichwa. Hapo kichwa kinasingiziwa. Njia imeziba kwa tope au grisi iliyokauka, kama inavyotokea kwenye krosi za shafti ya pitio (PTO) zilizokaa muda bila huduma. Fungua chuchu, safisha njia, ndipo ulaumu.

Katika kuchagua, kosa la kawaida ni kupeleka dukani chuchu na kutaka kichwa cha saizi yake. Chuchu za kawaida hutofautiana thredi, ziwe M6, M8, M10 au za inchi, lakini kinundu cha juu kinachoshikwa na taya kimewekwa kwenye kipimo kimoja. Kichwa kimoja huzihudumia zote, isipokuwa zile bapa za baadhi ya mitambo mizito, ambazo zina kichwa chao. Kinachotakiwa kulingana ni thredi ya upande wa pili, inayoingia kwenye mpira au bomba la chuma: ama ya inchi moja ya nane, ama M10. Hizi mbili zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono, na kulazimisha moja ndani ya nyingine huharibu zote.

Kuna vichwa vya kufunga kwa kishikio, vinavyobana chuchu vyenyewe na kuuacha mkono mmoja huru. Vinasifiwa, na kwa haki, kwa kuwa mtu anayepiga grisi peke yake chini ya tela anahitaji mikono yote miwili. Lakini bei yake ni ya juu, umbo lake ni nene kwa chuchu zilizojificha, na vumbi likiingia kwenye kishikio hugoma. Kwa mwenye trekta na haro moja, kichwa cha taya nne cha kurekebishika kinatosha. Kile cha kufunga kinunuliwe na anayehudumia mashine nyingi kila siku.

Wapo watakaosema grisi kidogo inayomwagika haifilisi mtu. Tupige hesabu. Bomba la mkono hutoa takriban gramu moja kwa kila mkono, yaani kila mbonyezo wa mpini, na katriji ya kawaida ina gramu 400. Nusu ikivuja, mikono 200 imekwenda bure. Hata hivyo hiyo si hasara yenyewe. Hasara ni dereva kuamini kwamba beringi ya haro imepata mikono yake mitano wakati imepata miwili, kisha iungue katikati ya msimu, wateja wakiwa foleni. Siku ya trekta lililosimama wakati huo hailipwi na akiba ya kichwa cha bei poa. Na kuna mwili wa mtu: bomba la mpini linaweza kufikisha pauni 10,000 kwa inchi ya mraba, msukumo unaoweza kupitisha grisi kwenye ngozi. Jeraha lake huonekana kama kitobo cha sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Asizibe mtu mvujo kwa kidole.

VETA wana chuo Mikumi, na somo hili linaingia kwenye kipindi kimoja cha karakana. Wenye maduka ya spea Kilosa na Mikumi nao waweke vichwa na chuchu kwenye rafu moja na bomba. Wewe mwenye trekta, ukienda Morogoro kununua bomba jipya, beba la zamani na uulize kwanza bei ya kichwa peke yake.