Je, Wajua? Mwinuko na Medali
Michezo ya Olimpiki ya 1968 iliandaliwa Mexico City, takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni ni haba. Mkimbiaji Kipchoge Keino, mzaliwa wa nyanda za juu za Nandi, Kenya, alikuwa amekulia katika hewa kama hiyo, nao mwili uliozoea mwinuko huwa na chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Juhudi zilikuwa zake. Mahali pa kuzaliwa na mji mwenyeji hakuvichagua. Katika mbio za mita 1,500 alimshinda Jim Ryun wa Marekani, mshikilia rekodi ya dunia, kwa karibu sekunde 3. Warukaji nao walinufaika: hewa nyepesi haikinzani sana na mwili unaokwenda kasi.