Mchomo wa Sindano Usiotolewa Taarifa

Muuguzi wa zamu ya usiku amemaliza kumchoma mgonjwa sindano. Boksi la kutupia sindano liko chumba cha pili. Anashika kifuniko kwa mkono mmoja na sindano kwa mkono wa pili, airudishie kifuniko apate kutembea nayo, na hapo kidole huchomwa. Chuoni alifundishwa kwamba sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, wala hakusahau. Kilichomshinda ni umbali wa boksi na foleni ya wagonjwa.

Ndiyo maana tangazo la ukutani peke yake halibadilishi mwenendo wa watumishi. Boksi likiwekwa karibu na mkono wa mtoa huduma, sindano huingia humo moja kwa moja. Boksi hilo hufungwa likijaa robo tatu; kuzishindilia sindano ili nafasi ipatikane ni kujitafutia jeraha. Mfanya usafi naye, ambaye mara nyingi husahaulika mafunzo yanapopangwa, huchomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka za kawaida, asijue ilitoka kwa mgonjwa gani.

Lililo gumu zaidi ni ukimya. Aliyechomwa huogopa kukaripiwa mbele ya wenzake, au kupimwa VVU na majibu yake kuzagaa kituoni. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ina gharama. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kisha humezwa kwa siku 28. Anayechomwa Ijumaa jioni akanyamaza hadi Jumanne amekwisha kuchelewa.

Iwapo mgonjwa ana VVU, hatari ya mchomo mmoja ni takriban watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa anaweza kukabiliwa na hatari ya hadi 30 kati ya 100. Ajabu ni kwamba watumishi wengi huogopa ule wa kwanza na kuusahau huu wa pili, ambao una chanjo.

Aliyechomwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, kisha amweleze msimamizi wa zamu papo hapo. Msimamizi naye aulize kwanza kama ameosha na kama amepata dawa. Swali la boksi lilikuwa wapi lifuate baadaye, na la nani mkosaji lisiwepo kabisa.

Tukio liandikwe katika daftari la ajali. Madai ya fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huhitaji ushahidi wa maandishi. Tena, daftari likionyesha michomo miwili katika chumba kimoja, Mganga Mfawidhi anajua ni wapi pa kupeleka boksi jingine.